Mshubiri wangu unalegea

Swali: Shikamoo bibi. Niko Chumbageni, Tanga. Mshubiri wangu wa sebuleni naumwagilia kila asubuhi, lakini majani yamekuwa manjano na laini. Nizidishe maji?

Jibu: Marahaba mwanangu. Weka kopo chini! Mshubiri wenye kiu majani husinyaa. Wako yanabonyea kama embe bovu. Mizizi imekosa hewa, inaoza. Ung'oe, uinuse: itanuka mtaro. Kata mizizi yote ya kahawia inayoteleza, bakisha ile migumu. Uanike kivulini siku mbili tatu, kisha uupande kwenye udongo uliochanganywa na mchanga wa mtoni (wa ufukweni Raskazone achana nao, una chumvi), na chungu kiwe na tundu. Umwagilie udongo ukikauka hadi ndani. Masika haya, hata wiki tatu utangoja.