Jini la The Babadook ni msiba
Kaka, umeuliza mbona filamu ya The Babadook (2014) inatisha ilhali jini lenyewe halionekani sana. Jini ni msiba. Mama wa kwenye filamu alifiwa na mumewe kwa ajali ya gari, akimkimbiza hospitali kujifungua. Kwa hiyo birthday ya mtoto ndiyo siku ya kifo, kila mwaka.

Niliitazama nyumbani, Ngamiani. Bibi alikuwa pembeni anachambua mchele, nikamsimulia. Hakuinua hata kichwa: "Eda ya mjane mjamzito, kule kukaa kumwombolezea mume, huisha akijifungua. Huyo yake iliisha siku ileile. Kulia kalia lini?"

Na mwishoni jini haliuawi, linaishi chini ya nyumba, mama analipelekea minyoo kwenye bakuli. Hapo ndipo usingizi uliponiruka, si kule kwenye makelele.