Maswali na Majibu: Nachoraje uwanja wa soka wa 1934 ambao haukuwahi kujengwa?

SWALI: Kaka msanifu, habari za kazi. Ninatunga hadithi ya picha inayotokea Marekani, katika historia ya kubuni ambamo ligi yao ya soka iliyoanzishwa 1921 haikufa, ikakua hadi ikashindana na besiboli. Nimechora viwanja vitatu vya mwaka 1934: Fall River, Bethlehem na New York. Kila anayeviona ananiambia vinafanana na viwanja vya leo vilivyopakwa rangi ya kizamani. Nimekosea wapi? Je, paa lisilo na nguzo mbele linakubalika kwa mwaka huo? Na ngazi za mashabiki nizipandishe kwa kiasi gani?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Michoro yako nimekaa nayo jioni mbili. Mkono unao. Tatizo ni kwamba viwanja vyote vitatu umevianza na duara: jukwaa limezunguka pande zote kwa kimo kimoja, kana kwamba kuna mtu aliyelipia kila kitu siku moja. Klabu za mpira za enzi hizo zilijenga kwa vipande. Zilipata kiwanja kilichobaki kati ya reli na kiwanda, zikasimamisha jukwaa upande mmoja, zikasubiri fedha, kisha zikajenga upande wa pili usiofanana na wa kwanza. Kwa hiyo weka kando majukwaa, uchore kwanza kiwanja chenyewe: mipaka yake, barabara, reli, mteremko wa ardhi, kaskazini iko wapi. Kona iliyokatwa na njia ya reli itakupa jukwaa fupi upande mmoja, na jukwaa hilo fupi litaupa uwanja sura yake.

Kabla ya hapo amua jambo moja la historia, kwa sababu ndilo litakalokuambia vifaa gani unaruhusiwa. Ligi halisi ilidhoofishwa na ugomvi wa 1928 kati yake na chama cha soka cha taifa, kisha ukaja mdororo wa uchumi wa 1929. Kufikia 1933 ilikuwa imekwisha. Ukifuta ugomvi na kuuacha mdororo, karibu hakuna klabu yenye fedha ya kujenga kuanzia 1930 na kuendelea, na viwanja vyako vyote viwe vya miaka ya 1920, rangi imebabuka, viraka vya bati vinaonekana. Ukifuta vyote viwili, unaweza kumwaga zege jipya. Mimi ningeuacha mdororo. Viwanja vilivyochakaa vinasema mengi zaidi kwenye picha, na msomaji anayeijua historia ya miaka ile ataiamini hadithi yako.

Kwa Fall River, historia halisi imeshakufanyia nusu ya kazi. Mwaka 1922 Sam Mark, mmiliki wa Fall River Marksmen, alijenga uwanja wa watu wapatao 15,000, lakini hakuujenga Fall River. Sheria za Massachusetts zilizuia michezo ya kulipwa siku ya Jumapili, na Jumapili ndiyo siku wafanyakazi wa viwanda vya nguo walipokuwa huru. Basi akavuka mpaka wa jimbo, akauweka uwanja North Tiverton, Rhode Island, jirani kabisa na mpaka. Wewe umeuchora katikati ya mji, umezungukwa na majengo ya ofisi. Uhamishe. Uweke pembezoni, penye nyumba za mbao na nyasi ndefu, na umati unaokuja kwa miguu kutoka upande mmoja tu, upande wa mji. Mageti yote makubwa yawe upande huo. Kila geti la chuma la kuzunguka, lile linalopitisha mtu mmoja mmoja, lihesabie watu 660 kwa saa, kiwango cha juu tunachotumia hata leo. Watu 15,000 wakiingia ndani ya saa moja unahitaji mageti 23. Mchoro wako una manne.

Ukuta wa mbele unaweza kuwa wa graniti, maana viwanda vingi vya pamba vya Fall River vilijengwa kwa jiwe hilo la pale pale. Lakini uwe wa upande wa barabara tu. Pande nyingine tatu zibaki mbao na mabati, kwa kuwa klabu ya mji wa viwanda haiweki jiwe la kuchongwa mahali pasipopita mtu.

Bethlehem ni kinyume chake, na hapo una nafasi ambayo hujaitumia. Timu ile ilikuwa ya kampuni ya chuma ya Bethlehem Steel, na mwaka 1908 kampuni hiyo ilianza kutengeneza boriti pana za umbo la H zilizopitishwa kwenye rola zikiwa kipande kimoja. Kabla ya hapo, boriti nzito ya namna hiyo iliundwa kwa kuunganisha bamba na vyuma vya pembe kwa mamia ya ribiti, zile pini nene za chuma zinazopigwa vichwa pande zote mbili. Tazama inavyobadilisha mchoro: Fall River nguzo zako ziwe nyembamba, za vipande vilivyopigwa ribiti, zikipishana kila mita 5. Bethlehem ziwe chache, nene, nyuso zake laini, zikipishana mita 8 au 9, kwa sababu mwenye uwanja ndiye mwenye tanuri, na anataka kila mgeni aione bidhaa yake. Msomaji hataambiwa lolote na bado atahisi kwamba hii ni miji miwili tofauti. Ila ribiti usiziondoe kabisa: kwenye viungio, boriti inapokutana na nguzo, bado ziko, vichwa vyake vya mviringo vimepangwa kwa mistari. Chuma kilichochomelewa kikawa kisafi bila ribiti hata moja ndicho kilichoufanya mchoro wako uonekane wa juzi.

Kwa New York nisingejenga kitu kipya. Tarehe 1 Mei 1926 watu 46,000 waliingia Polo Grounds, uwanja wa besiboli, kuwatazama Hakoah, klabu ya soka kutoka Vienna. Jengo lilikuwepo tayari, na lilikuwa na umbo la ajabu linalokufaa: refu kama kiatu cha farasi. Kutoka kona ya mpigaji, pale anaposimama anayepiga mpira wa besiboli kwa gongo, hadi uzio wa kushoto zilikuwa futi 279, wa kulia futi 258, lakini kwenda mbele katikati zilifika futi 483, yaani mita 147 hivi. Uwanja wa soka unalala humo kwa urefu, goli moja likiwa karibu na kona ya mpigaji. Chora udongo mwekundu wa besiboli ukikatiza eneo la penalti la upande huo, na mashabiki walio karibu sana na kona moja huku kona nyingine ikiwa mbali upweke. Kama ligi yako imeshinda vita na besiboli, onyesha ushindi huo kwa mabadiliko: safu mpya za viti zilizosogezwa mbele hadi kwenye mstari wa pembeni, zege lake likiwa jeupe kuliko la zamani.

Sasa paa. Lisilo na nguzo linawezekana kwa 1934, lakini kwa shida. Mhandisi Mwitaliano Pier Luigi Nervi alilijenga Florence, uwanja uliokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1930: paa la zege linalochomoza zaidi ya mita 20 bila nguzo mbele. Lilikuwa jambo la ujasiri hata kwa Italia. Uingereza, kwenye vilabu vya ligi, jukwaa la kwanza lenye paa la namna hiyo lilijengwa 1958 huko Scunthorpe. Katika viwanja vyako vitatu nisingeliweka popote, na Bethlehem hasa haliwezekani, kwa sababu kampuni ya chuma haitamwaga zege juu ya vichwa vya wageni wake. Chora nguzo, na uwachore watu walioketi nyuma yake wakiwa wameinama upande mmoja. Nguzo hizo ndizo zinazoleta ule ukaribu wa zamani, kwa kuwa paa linaloegemea nguzo huruhusu ghorofa ya pili kusogea mbele, juu kabisa ya ya kwanza.

Umemwiga pia Archibald Leitch, yule Mskoti aliyechora majukwaa ya viwanja vya soka vya Ibrox, Goodison Park, Craven Cottage na mengine mengi, ukaweka vyuma vyake vilivyopishana kama herufi X kwenye viwanja vyote vitatu. Vibakize kwenye uwanja mmoja tu. Fall River kulikuwa na wachezaji wengi kutoka Scotland, kwa hiyo ushawishi huo una njia ya kufika. Kwa New York, mkono unaoaminika ni wa kampuni za kihandisi zilizojenga viwanja vya besiboli, kama Osborn ya Cleveland, iliyofanya kazi ya Yankee Stadium ya 1923.

Leitch ana funzo jingine zito zaidi. Tarehe 5 Aprili 1902, kwenye mechi ya Scotland na Uingereza pale Ibrox, ngazi za mbao alizozichora, zilizobebwa juu na fremu za chuma, zilivunjika. Watu 25 walikufa. Mwaka uliofuata Philadelphia, roshani ya mbao ya uwanja wa besiboli iliporomoka, wakafa 12. Mwaka 1911 Polo Grounds yenyewe iliungua. Mambo haya ndiyo yaliyowasukuma watu kwenye udongo, chuma na zege: Leitch akawaweka wanaosimama juu ya tuta la udongo ulioshindiliwa, na Marekani viwanja vya besiboli vya Shibe Park na Forbes Field vikafunguliwa 1909 vikiwa vya chuma na zege. Kwa hiyo mashabiki wako wa kusimama, wale wa nyuma ya goli, usiwaweke juu ya vijiti virefu vya mbao kama ulivyofanya. Wape tuta.

Ngazi za wanaoketi zina hesabu yake, na nakuomba uifanye mwenyewe kwa kila jukwaa. Unahitaji vipimo vinne: kimo cha jicho la mtazamaji juu ya nyasi, umbali wake hadi mstari wa pembeni, upana wa safu, na nafasi unayotaka kati ya jicho la aliye mbele na mstari wa macho wa aliye nyuma yake. Jumlisha kimo cha jicho na nafasi hiyo, zidisha kwa umbali wa safu inayofuata, gawanya kwa umbali wa safu uliyopo, kisha toa kimo cha jicho. Jibu ndilo kimo cha ngazi.

Tuseme jicho la safu ya kwanza liko mita 1.8 juu ya nyasi, mita 8 kutoka mstari wa pembeni, upana wa safu sentimita 70, nafasi sentimita 6. Inakuwa 1.86 mara 8.7, gawanya kwa 8, toa 1.8. Unapata sentimita 22. Ukitaka nafasi ya sentimita 9, tunayoipendelea leo, ngazi inafika karibu 26.

Leo ngazi zinazidi kuinuka kadiri unavyopanda, ndiyo maana majukwaa ya sasa yamejikunja kama upinde. Fundi wa mbao wa 1922 alikata kiolezo kimoja akakirudia hadi juu. Endelea na sentimita 22 ile ile mpaka safu ya 21 halafu upige hesabu upya: mtu wa safu hiyo amebakiwa na sentimita 2 tu juu ya jicho la aliye mbele yake. Anaona kati ya vichwa. Michoro yako ina upinde mzuri, na upinde huo unausogeza uwanja miaka 50 mbele. Unyooshe, kisha wainue watu wa safu za nyuma kutoka kwenye viti vyao kila mpira unapokaribia mstari wa pembeni.

Jua nalo ulitazame upya, maana umelichora la kwetu, liko utosini. Fall River mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri linapanda nyuzi 25 tu upande wa kusini. Jukwaa la kusini lenye kimo cha mita 12 linatupa kivuli cha karibu mita 26, na nyasi za goli hilo zinabaki na barafu mchana kutwa. Jua linatua kabla ya saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo mechi ianze saa nane. Jukwaa la wenye fedha liwe magharibi, jua likiwa mgongoni mwao, na mapaa yote yawe na mwinuko wa kutosha kuangusha theluji.

Taa za usiku umeziweka juu ya minara minne. Besiboli ya ligi kuu yenyewe ilicheza usiku mara ya kwanza Cincinnati, 24 Mei 1935, kwa hiyo mwaka mmoja kabla inawezekana, lakini minara hiyo ina gharama ambayo klabu ya Fall River haiwezi kuibeba. Kuna njia nzuri zaidi. Kuanzia 1930 Kansas City Monarchs, timu ya besiboli ya wachezaji weusi, walizunguka na taa zao wenyewe, nguzo zikisimama juu ya malori na jenereta ikinguruma kando. Paki malori hayo nyuma ya tuta la kaskazini.