Upinde unaovuma mshale ukitoka

Ndugu yangu wa Pangani, umeeleza kwamba upinde wako wa mti huvuma kila unapoachia mshale, na kwamba ncha zake zimeanza kuchubuka. Mimi hapa Tanga hufunga vishada viwili vya sufu kwenye upote, yaani kamba ya upinde, kimoja robo ya urefu wake kutoka juu na kingine theluthi kutoka chini, kwa kuwa umbali usiolingana hutuliza mtetemo vizuri zaidi. Katani, ingawa tunayo tele, ikilowa huwa nzito. Ncha zivishe ngozi laini, na upote uupake nta ya nyuki, ukiisugua kwa vidole mpaka ipate joto. Usiuachie kamwe bila mshale. Ukiona ufa, usiuvute upinde kabla fundi hajaukagua. Na kuwinda kunahitaji kibali.