Mizinga Iliyobaki Bila Meli: Wasomaji Wanauliza

Toleo lililopita tuligusia manowari zilizofutwa na Mkataba wa Washington wa 1922. Barua zilizotufikia zimeuliza zaidi kuhusu mizinga kuliko kuhusu meli zenyewe.

Inakuwaje mzinga uwe tayari na meli yake haipo? Si kama kununua mlango kabla ya kiwanja? – Msomaji, Tanga

Kwa manowari kubwa ndivyo inavyopasa. Mtutu wa inchi 16, yaani upana wa tundu lake, haumiminwi kama chuma kilichoyeyushwa ukatoka umekamilika. Kiwanda hufua mirija kadhaa ya chuma na kuichonga. Mrija wa nje hupashwa moto mpaka utanuke, huvishwa juu ya ule wa ndani, na ukipoa hubana. Ndani kabisa hukaa bitana, yenye mifuo ya kulizungusha kombora, na hiyo ndiyo inayolika kwa moto wa baruti. Kazi hii huchukua miezi mingi, na tareti, yaani mnara unaozunguka, huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mizinga huagizwa mapema, na serikali ikifuta meli, mitutu inakuwa imeshafika mbali.

Bitana hiyo hubadilishwa, na ndiyo siri ya mzinga mmoja wa Marekani ulioko hadi leo Dahlgren, Virginia. Ulianza ukiwa wa inchi 18, urefu wa kalibu 48, maana yake kipenyo cha tundu mara 48: karibu mita 22. Mkataba ulipokataza mizinga inayozidi inchi 16, ulivishwa bitana nyembamba zaidi ukawa wa inchi 16. Miaka ya mwisho ya 1930 ukaanza kuchongwa upya, ukarudi inchi 18. Hakuna manowari iliyowahi kuubeba.

Marekani ilikuwa na mizinga ya inchi 16 ghalani tangu miaka ya 1920. Kwa nini manowari za Iowa zilipewa mingine? – Msomaji, Dodoma

Kwa sababu idara mbili za jeshi moja hazikuambizana. Mizinga ya ghalani, Mark 2 ya kalibu 50, ilitengenezwa kwa ajili ya meli za South Dakota na Lexington za wakati ule, ambazo hakuna hata moja iliyomalizwa kama ilivyochorwa. Mwaka 1938 idara ya silaha ilichukulia kwamba mizinga hiyo ndiyo itakayofungwa kwenye Iowa. Tareti yake ilihitaji kisima cha kipenyo cha mita 11.99. Idara ya ujenzi wa meli nayo ilikuwa imechora kisima cha mita 11.35.

Kisima tunachosema ni silinda nene ya deraya, yaani chuma cha kinga, ambayo tareti hukaa juu yake, na ndani yake makombora na baruti hupandishwa. Tofauti ya sentimita 64 unaweza kuipima kwa mikono, lakini kwenye meli ni balaa. Sitaha hukatwa zaidi, deraya ya kuzunguka kisima huongezeka, kisha ubavu wa meli unenepe au ulinzi upunguzwe kwingine. Ikilinganishwa na tareti ndogo za kalibu 45, nyongeza yote ilikadiriwa karibu tani 2,000, na meli ilikuwa na kikomo cha tani 45,000.

Waliokoa jahazi kwa kubuni mzinga mpya, Mark 7: urefu uleule wa kalibu 50, ila mwembamba na mwepesi, tani 121.5 pamoja na kufuli la nyuma, wakati Mark 2 ilikaribia tani 130. Ukaingia kwenye kisima kidogo. Mark 2 nyingi zikaishia kwa Jeshi la Nchi Kavu, kulinda pwani.

Je, mizinga ya namna hiyo iliwahi kutumika? – Msomaji, Mwanza

Ndiyo, nchi kavu. Ujerumani ilitengeneza mizinga ya sentimita 40.6 kwa manowari za daraja la H, zilizosimamishwa vita vilipoanza 1939. Minne ilifungwa Trondenes, karibu na Harstad, Norway, na mmoja unatembelewa mpaka sasa. Nchi kavu mtutu uliweza kuinuliwa zaidi kuliko digrii 30 zilizopangwa kwenye meli, hivyo kombora la kilo 1,030 likafika karibu kilomita 43.

Na mizinga iliyoko nje ya Fort Jesus, nayo haikuwa na meli? – Msomaji, Mombasa

Hapana. Meli zake zilikuwepo: Königsberg ya Wajerumani, iliyomalizikia delta ya Rufiji mwaka 1915, na Pegasus ya Waingereza, iliyozamishwa Zanzibar mwaka 1914.

Nachora manowari ya kubuni yenye mizinga tisa ya inchi 18. Nimekuza tu michoro ya inchi 16. Nakosea wapi? – Msomaji, Nairobi

Unakuza vyote kwa kiwango kimoja. Kipenyo kimeongezeka asilimia 12.5 tu, lakini uzito wa kombora la umbo lilelile hukua kwa mchemraba wake: 1.125 × 1.125 × 1.125, karibu 1.42. Kombora zito la Iowa lilikuwa kilo 1,225. Lako linakaribia 1,744. Wamarekani walipounda kombora zito la inchi 18 lilifika kilo 1,746, kwa hiyo hesabu hii iamini. Anza na kombora, kisha pima lifti na rafu zake, ndipo uchore kisima.

Halafu chora mtutu ukiwa umeinuka kabisa, uone kitako chake kinashukia wapi. Ongeza nafasi ya kurudi nyuma ukifyatuliwa. Mzinga wa Iowa ulirudi karibu mita 1.2. Kitako kikigonga sakafu, inua mhimili ambao mtutu huinukia, ujue tareti itarefuka na deraya itaongezeka, au punguza pembe.

Usijaribu kuokoa uzito kwa kombora jepesi lenye kasi. Waingereza walifanya hivyo kwa mzinga wa inchi 16 uliobuniwa kwa ajili ya meli za G3, ambazo hazikujengwa, ukaishia kwenye manowari Nelson na Rodney: kombora la kilo 929, bitana ikalika upesi, makombora yakatawanyika.

Mitutu mitatu ukiibana pamoja, chelewesha ule wa kati kwa sehemu ndogo ya sekunde, la sivyo makombora yatasumbuana angani.