Saini Yangu Ilinunua Viatu

Wiki jana kijana mmoja aliniandikia. Yuko stoo ya hoteli huko Nyali, Mombasa, na meneja anamtaka asaini risiti za dizeli ya jenereta ambayo hajaiona ikiingia. "Kaka, nina mtoto mchanga. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, hapo nami nimepita.

Mwaka 2017 nilikuwa karani kwenye ofisi ya klaringi, yaani ya kutoa mizigo ya watu forodhani, si mbali na bandari ya Kilindini. Siku moja bosi akaniwekea mezani ankara mbili za kontena moja la vigae: moja dola 18,000, nyingine 9,500. Kwa asiyejua, ushuru hupigwa juu ya bei ya mzigo pamoja na bima na nauli ya meli, kisha VAT inapanda juu yake. Bei ikishuka kwenye karatasi, vyote vinashuka. "Ingiza hii ndogo," akasema, akarudi kwenye chai yake. Hakunitisha. Laiti angenitisha, ningepata kisingizio.

Nikaingiza, nikasaini. Jioni nikapewa Sh5,000, nikamnunulia binti yangu viatu vya shule. Kila asubuhi akifunga kamba, mimi natazama dirishani.

Mara ya pili nilikataa. Nikaitwa sheikh wa ofisi, wenzangu wakacheka, na mwisho wa mwezi kazi ikaisha. Miezi iliyofuata siisimulii. Nilibeba viroba soko la Kongowea, basi.

Sasa sikiliza. Jina litakalobaki kwenye risiti ni lako, si la meneja. Usijibu papo hapo. Mwambie, "N'pe hadi kesho," ulale nalo. Andika tarehe na maneno aliyokwambia. Halafu kumbuka: jina ni lako. Na ukigundua kuna hongo ndani yake, Sheria ya Rushwa ya Kenya ya 2016 inamtaka mwenye mamlaka, hata kwenye kampuni binafsi, aripoti ndani ya saa 24, na inamlinda anayetoa habari. Kwenye karatasi inamlinda, narudia.

David Munyakei hakuwa hata na karatasi hiyo. Karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyefichua Goldenberg, ile kashfa ya mabilioni ya serikali yaliyolipwa kwa dhahabu hewa, akakamatwa 1993, kazi ikapotea, akaja kuanza upya papa hapa Mombasa, akasilimu. Alifariki 2006. Sijilinganishi naye, ingawa usiku fulani pale Kongowea nilijilinganisha.

Vijana mnataka niwaambie ukikataa Mungu atakufungulia mlango siku ya pili. Mimi ulinichukua miaka miwili, na mshahara wa sasa haujafika ule wa zamani. Kataa hivyo hivyo! Mtoto mchanga si hoja. Wangu alikuwa darasa la pili.

Bosi yule hukutana nami feri ya Likoni. Yeye ndani ya gari, mimi kwenye kundi la waendao kwa miguu. Hupiga honi, hunipungia mkono. Mwezi uliopita, sijui kwa nini, nilimpungia pia.