Faustina yupi, mama au binti?

Umeuliza dinari, sarafu ya fedha ya Roma ya kale, iliyoandikwa FAVSTINA ni ya mama au ya binti (hiyo V ni U ya Kilatini). Anza na nywele. Faustina Mkubwa, mke wa kaisari wa Roma Antoninus Pius, misuko yake imezungushwa na kurundikwa utosini. Binti yake, mke wa kaisari aliyefuata, Marcus Aurelius, ana nywele za mawimbi zilizofungwa kifundo kisogoni.

Ndipo usome maandishi. FAVSTINA AVGVSTA mara nyingi ni binti. AVG PII AVG FIL, yaani binti wa Pius, ni yeye bila shaka. Sarafu nyingi za mama zina DIVA, yaani aliyetangazwa mungu, kwa sababu alifariki mapema katika utawala wa mumewe, ulioanza mwaka 138. Hapa ndipo wengi hukosea: binti naye alitangazwa mungu baada ya kufa. Ukiona DIVA FAVSTINA PIA, huyo ni binti.

Kwa vichwa vya sanamu zao za marumaru, usiamini pua hata kidogo. Nyingi zilivunjika, zikabandikwa mpya na mafundi wa karne za baadaye. Kitazame kichwa kwa upande, ulinganishe nywele na sarafu.