Upatu wa Mboga Mtaani Kwetu Duga, Tanga

Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema chakula bora ni cha wenye nazo. Ukiniuliza kwa nini wanangu wanakula ugali wa sembe na mchuzi wa nyanya mbili siku nne mfululizo, jibu lilikuwa mdomoni: maisha magumu, dada. Basi jioni moja nimetoka genge la kona na fungu langu la nyanya nne, shilingi 500, nikakaa barazani nikaanza kupiga hesabu. Kesho yake nilikuwa na safari yangu ya soko la Mgandini, nikanunua sado nzima, ile ndoo ndogo ya kupimia, kwa 3,000. Nilipofika nyumbani nikaimwaga kwenye ungo, nikahesabu moja moja: nyanya 41. Kwa bei ya fungu, hizo ni zaidi ya shilingi 5,000. Na mimi genge naenda kila siku, siku nyingine mara mbili.

Mwenye genge simlaumu. Naye ananunua hukohuko Mgandini, analipa bajaji, zikioza ni zake, na tukikwama anatukopesha. Lakini ndivyo tunavyoliwa sisi wa kununua kidogo kidogo: mafuta ya kupimiwa, mkaa wa kopo, nyanya za fungu. Mwenye pesa ya gunia analipa kidogo kuliko sisi kwa kitu kilekile.

Shida ni kwamba nyanya 41 nyumba isiyo na friji hazimaliziki. Siku ya nne zimeshaanza kutoa maji. Hapo ndipo nilipowaendea majirani. Upatu wa hela tulikuwa nao zamani, wa kununulia vitenge na masufuria, na kijumbe wetu ni mtu wa kuaminika. Nikawaambia, tucheze na wa mboga. Walicheka, wakakubali.

Tuko saba. Kila Ijumaa jioni kila mmoja anampa kijumbe 5,000, na Jumamosi alfajiri wawili wa zamu wanakwenda Mgandini, mmoja na baiskeli ya mumewe yenye kapu nyuma. Wananunua nyanya, vitunguu, kabichi na karoti za Lushoto, mbaazi au kunde kavu, na msimu ukifika, machungwa ya Muheza. Nendeni mapema. Saa mbili asubuhi wachuuzi wa magenge wameshachagua, mnabaki na makapi kwa bei ileile.

Zamu ya kwanza ilikuwa yangu, na niliwatia hasara. Nilipata tenga la nyanya kwa bei ya kutupa, juu zimepangwa nyekundu, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Sikulimwaga. Tulipofika nyumbani, kuanzia katikati kwenda chini ni mbichi zilizochanganyika na zilizopasuka, na karatasi chini imelowa. Hakuna aliyenigombeza usoni, lakini Jumamosi iliyofuata niliwasikia wakiulizana, "Leo anakwenda nani?" Tangu hapo tunanunua kwa sado, na sado inamwagwa kwenye kapu letu mbele ya macho yetu. Muuzaji akikataa kumwaga, nenda meza ya pili.

Kugawana nako kuna fitina yake. Mwanzoni mgawaji alikuwa akipanga mafungu saba, na kila mara fungu lake lina kabichi kubwa. Mama mmoja mtu mzima akatuletea dawa: anayegawa anachukua la mwisho. Siku hiyohiyo mafungu yalilingana kama yamepimwa kwenye mizani.

Sasa dagaa. Hapa ndipo penye faida kubwa kwa mtu wa pwani, na ndipo tunapopoteza hela kwa kutokujua. Samaki mkubwa simgusi tena katikati ya wiki, bei yake naijua. Dagaa unamla mzima na miba yake, na hiyo miba ndiyo yenye madini ya chokaa ya mifupa ya mtoto. Siku moja nilikwenda Deep Sea, pale wanaposhushia samaki, nikakuta bei ya dagaa imepaa. Nikamwamkia mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini?"

"Dagaa. Mbona leo wamekuwa dhahabu?"

"Dagaa na mwezi huu? Uwe unatazama juu kabla hujatoka kwako."

Akanieleza. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanafuata mwanga, wakikusanyika ndipo wanazungushiwa wavu. Mbalamwezi ikiwaka bahari nzima ina mwanga, taa ya mvuvi haiwaiti tena. Kwa hiyo kukiwa na giza dagaa ni wengi na bei inashuka, na mwezi mpevu wanaadimika. Mimi sasa natumia kalenda ya Kiislamu iliyoko ukutani: tarehe 13 mpaka 15 ni mbalamwezi, sinunui. Nanunua mwezi unapoandama na siku zile za mwisho wa mwezi, nachukua wakavu wa kutosha kuvuka mbalamwezi yote.

Ukinunua wakavu, chukua gao moja usugue juu ya sahani nyeupe. Waliokaushwa mchangani utaona mchanga, na hao utawatafuna na meno yako. Wa chanjani ni wasafi. Rangi iwe ya fedha. Wakishakuwa wa manjano, mafuta yao yameharibika, watakuwa wachungu hata uweke ndimu nzima. Na kwa kuwa huchemshwa kwa maji ya chumvi, waloweke kwanza, hasa kama nyumbani kuna mtu wa presha.

Mboga za majani hatuzinunui tena sana. Kila nyumba ina viroba viwili vitatu uani. Matembele hayataki ufundi: kata shina la urefu wa shubiri, fukia vifundo viwili, mwagilia, na baada ya muda mfupi unachuma ncha tu, yanachipua tena. Mchicha uko tayari kwa wiki tatu hadi nne. Maji ya kuoshea mchele yanatosha. Kosa langu lilikuwa kumwagilia maji ya kisima chetu kwa wiki mbili. Kisima kina magadi na chumvi ya bahari, mchicha ukaungua kingo za majani, ukafa wima. Tena usipande karibu na mtaro wa maji machafu, hata kama panavutia kwa rutuba.

Majani yatie nazi, hata tui jepesi. Wazee wetu hawakukosea, kwa sababu vitamini A ya kwenye majani inahitaji mafuta ili mwili uichukue. Usiyachemshe mpaka yakawa kama uji. Kisamvu peke yake ndicho cha kupikwa sana, kitwangwe na kiive barabara, maana kibichi kina sumu. Sembe tumeichanganya na dona nusu kwa nusu. Watoto walinuna wiki ya kwanza, basi.

Kama mnataka kwenda mbali zaidi ya sisi, kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kinaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wawili kati yetu wanataka tusajili kikundi tufungue genge letu, la kuuza kwa bei ya sado. Mimi bado nasitasita. Mwenye genge la kona ni jirani pia, ana watoto wanne, na nadhani afadhali tumwingize yeye kuliko kumfungia. Hilo tutalizungumza.

Jumamosi hii zamu ni yangu tena. Mwezi ni wa tarehe 27, kwa hiyo kijumbe ameniongezea hela ya dagaa sado mbili, na yule mama mtu mzima amenifuata mpaka mlangoni kuniambia, "Mwanangu, usisahau kumwaga."